Jiwe Lililosimama kati ya Divota na Fiurdispina

Shangazi Divota hakuolewa, na ukimuuliza kwa nini, alikuwa akinyoosha kidevu kuelekea dirishani. Nje ya dirisha lake la jikoni palisimama jiwe refu kuliko mwanamume yeyote wa kijiji chetu cha Valdibona, lenye macho mawili, pua iliyokatika ncha, mdomo mdogo wa mtu aliyeudhiwa, na upanga uliochongwa kifuani. Hakuna anayejua aliyelichonga. Vijiji vingine vya upande wetu wa Korsika vina mawe kama hayo na kila moja lina jina lake, lakini hili Divota alikuwa akiliita Mzee, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushindana naye kwa maneno, kijiji kizima kikaliita Mzee.

"Mwanamume mmoja ananitazama tangu nizaliwe," alikuwa akisema, "na hajaniomba supu hata siku moja. Nitafute mwingine wa nini?"

Si kwamba wachumba hawakuja. Wa kwanza alikuwa Bartulu, fundi mwashi, kijana mzuri wa masharubu. Alikuja Jumapili na soseji ya ini ameifunga kwenye kitambaa safi. Kwa kuwa alikuwa amepanda mlima na jasho linamtoka, akaitundika kofia yake kichwani mwa Mzee, akaingia ndani. Divota alikuwa akimimina divai. Akatupa jicho nje.

"Hiyo kofia umemwomba nani ruhusa?"

"Nimwombe nani?" Bartulu akacheka. "Si jiwe tu lile?"

"Na mimi ukishanioa utaniitaje? Meza?"

Bartulu akaondoka na kofia yake, na soseji yake pia. Mama yake Divota aliisikitikia ile soseji mpaka uzeeni.

Wa pili, mchungaji wa kondoo, alisema kwamba wakioana atalilaza jiwe na kulichimba liwe hori la kunyweshea mifugo. Huyo hakukaribishwa hata kiti. Wa tatu hakufika mlangoni. Alipitia kwanza nyuma ya Mzee kupunguza divai aliyokunywa njiani, akidhani haonekani, na Divota alikuwa juu ya mtini akichuma tini.

Nayajua haya kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa posta wa Valdibona miaka mingi, na nyumba ya Divota ilikuwa ya mwisho katika mzunguko wangu, kwa hiyo nilikuwa nikikaa pale nipumzishe miguu. Nilimzoea. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kuita mbuzi waliovuka mto, na alipokuwa akianika nguo hakunyamaza hata kidogo. Kamba yake ilifungwa shingoni mwa Mzee upande huu na kwenye mtini upande ule. "Usinikodolee macho," alikuwa akimwambia, "ni soksi tu." Au, "Wewe una upanga lakini kunguru wamekunyea begani, hebu jitetee basi."

Sasa, upande wa pili wa Mzee, ng'ambo ya kiwanja, ilikuwapo nyumba ya Fiurdispina, mjane wa mwoka mikate. Mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hawa wawili walikuwa dada kabisa. Mzee aliielekea nyumba ya Divota. Fiurdispina yeye alipewa mgongo.

Dada hawa waligombana kwa ajili ya nguruwe. Divota alikuwa ametarizi kitambaa cha madhabahu kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wetu, kazi ya majira matatu ya baridi, maua na njiwa na nyuzi za dhahabu. Asubuhi ya sikukuu akakifua, akakitandaza majanini kikauke. Nguruwe jike wa Fiurdispina akatoka vichakani, akakilalia, akajigaragaza, kisha akakila nusu. Divota akadai kuombwa radhi. Fiurdispina akasema kitambaa cha kanisa hakitandazwi chini kama mkeka. Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena.

Lakini jirani ni jirani. Mbuzi anaingia bustani ya mwenzako, moshi wako unaingia kwake, kengele ya msiba inalia na mtu anataka kujua nani amekufa. Kwa hiyo wakawa wanaongea na Mzee.

"Mzee," Divota alikuwa akipaza sauti akiwa na vibanio vya nguo mdomoni, "mwambie mwenye kuku kwamba kuku wake wako kwenye kabichi zangu!"

Na kutoka nyuma ya jiwe sauti nene ya Fiurdispina ilijibu, "Mzee, mwambie mwenye kabichi ajenge ua! Na mwambie mama Pasqua amejifungua mapacha!"

"Mzee! Mapacha gani? Wa kike au wa kiume?"

"Mzee, mwambie mmoja mmoja!"

Waliendelea hivyo zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyeona ajabu. Watoto wa Valdibona walizaliwa wakaikuta hali hiyo.

Kisha akaja mama mmoja wa Bara, yaani Ufaransa ng'ambo ya bahari, aitwaye Solange, mtaalamu wa mambo ya kale, mpole, mwenye viatu vya kupandia milima na kofia ya majani. Alimpima Mzee, akampiga picha, akalala kifudifudi kumtazama miguuni. Baada ya miezi michache meya wetu, Saveriu, akakusanya watu baa na kutangaza kwamba Mzee amealikwa Marseille, kwenye maonyesho ya makumbusho moja kubwa, kwa mwaka mmoja. Saveriu alikuwa na machozi machoni. Hakuna mtu wa Valdibona aliyekuwa amealikwa popote.

Divota hakukataa, jambo lililotushangaza sote. Ila asubuhi lori lilipofika na winchi yake, tulimkuta kiwanjani na ndoo ya maji moto, brashi na kipande cha sabuni, amepanda ngazi, anamsugua Mzee masikioni.

"Mama!" Solange akapiga kelele. "Mama, nakuomba, acha! Huo ukungu juu yake una mamia ya miaka!"

"Ndiyo maana," Divota akasema bila kugeuka. "Nimpeleke kwa watu wa Bara na uso huu? Watasema hana kwao."

Walimteremsha Divota akiwa amemaliza uso na nusu ya bega. Fiurdispina naye alisimama upande wake, mikono imefumbata aproni. Winchi ilipomnyanyua Mzee, akaning'inia hewani akizunguka polepole, akaitazama nyumba ya Divota, akaitazama ya Fiurdispina, akatutazama sote. Kasisi akamnyunyizia maji ya baraka, kwa tahadhari. Akalazwa kwenye sanduku la majani makavu, akaenda zake.

Meya alimpa Divota nguzo ya chuma ya kufungia kamba. Nguzo ilikuwa imara na imepakwa rangi nzuri ya kijani. Tatizo ni kwamba huwezi kuiita nguzo ya chuma Mzee.

Wiki ya kwanza kiwanja kilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nilimwona Fiurdispina akitoka, anavuta pumzi, anafungua kinywa, "M—", anaona uwazi mbele yake na Divota yuko pale pale anamtazama. Anafunga kinywa, anarudi ndani. Divota alijaribu kumtumia mbuzi. Mbuzi hakai. Unafika katikati ya sentensi, ameshaondoka.

Siku moja nikawafikishia barua, nikafanya kosa la kusimama katikati ya kiwanja kufunga kamba ya kiatu.

"Pulidoru," Divota akaniita, "hebu simama wima kidogo."

Nikasimama.

"Pulidoru, mwambie mwenye bomba la maji kwamba bomba lake linavuja kwenye vitunguu vyangu."

"Pulidoru," ikaja sauti kutoka nyuma yangu, "mwambie mwenye vitunguu nimeliona, nasubiri fundi."

"Pulidoru, muulize, huyo fundi anatoka Roma kwa miguu?"

"Akina shangazi," nikasema, "nina barua za watu huku."

"Usigeuke!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nilipigwa na jua pale mpaka sikio likawa jekundu. Nilipojaribu kulainisha maneno kidogo, nikasema "shangazi anaomba" badala ya "mwambie huyo kiziwi," Divota akaniambia Mzee hakuwa akiongeza chumvi wala kupunguza. Mwishowe nikachukua mkoba wangu. "Mimi ni mtu wa posta," nikawaambia. "Si jiwe." Na kuanzia siku hiyo nikawa naacha barua zao kwenye geti na kukimbia.

Kilichovunja ukimya ni maharage. Divota alikuwa ameyabandika jikoni, akatoka kuanika mashuka, upepo ukayakamata akawa anapigana nayo. Fiurdispina akaona moshi mweusi unatoka dirishani mwa dada yake. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mbuzi, hakuna mtu wa posta, hakuna Mzee.

"Divota!" akalipuka. "Maharage yako yanaungua!"

Divota akatoa kichwa katikati ya shuka. "Unasema na mimi?"

"Nasema na maharage!"

"Basi yaambie maharage nimesikia!" Akakimbia ndani, akatoka na sufuria inafuka, akaiweka chini katikati ya kiwanja, pale pale Mzee alipokuwa amesimama. Wakatazamana uso kwa uso, wala hapakuwa na kitu katikati yao ila hiyo sufuria.

Na hapo miaka ishirini na kitu ikamwagika yote. Waliposikia kelele, watu walitoka baa na viti vyao. Nilikuwapo. Divota alianza na nguruwe. Fiurdispina akajibu kwa mchuzi uliomwagwa kwenye harusi yake. Wakapita kwenye kuku, moshi, mtini, matanga ya shangazi yao na nani alikaa mbele kanisani. Wakarudi kwenye nguruwe.

"Hukuniomba radhi!" Divota akapiga kelele, sauti imeanza kukauka. "Kitambaa cha mtakatifu! Ungesema neno moja tu!"

"Nilisema!"

"Lini? Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Mzee! Nilisimama hapa, nimelowa mpaka mifupa, nikasema, Mzee, mwambie dada nimekosa, na nguruwe nimemchinja, na kile kipande kilichobaki nimekifua ninacho kabatini!"

"Ulilowa na nini?"

"Na mvua! Ilikuwa mvua kubwa!"

Divota akaligeukia dirisha lake la jikoni.

"Fiurdispina," akasema polepole, "siku ya mvua mimi hufunga dirisha."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajizuia kwa mkono, ikawa mbaya zaidi, na muda si muda hata kasisi alikuwa ameegemea ukuta anajifuta macho. Fiurdispina naye akacheka, akalia, akacheka tena. Divota hakucheka. Aliinama, akachukua sufuria, akachungulia.

"Ya juu hayajaungua sana," akasema. "Leta mkate. Na ukija njoo na hicho kitambaa, nione ulivyokifua. Najua hujui kufua."

Mwaka ukapita, Mzee hakurudi. Saveriu akasema watu wa makumbusho wameomba tuwavumilie kidogo, kwa kuwa Mzee anapendwa sana. Miezi ikaongezeka. Wale dada wawili, ambao sasa walikuwa wakiongea mfululizo kana kwamba wanalipia miaka iliyopita, wakaamua kwenda wenyewe. Divota hakuwa ametoka kisiwani hata mara moja. Akavaa nguo zake nyeusi za kanisani, akaweka jibini bichi kwenye kikapu, wakapanda meli.

Ya Marseille walinisimulia wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, nami nimechukua yale waliyokubaliana, ambayo si mengi. Wanakubaliana kwamba Fiurdispina alitapika njia nzima na Divota akawa anamweleza nahodha jinsi ya kuendesha meli isitikisike. Wanakubaliana kwamba makumbusho ilikuwa na ngazi nyingi kupita kiasi. Na wanakubaliana kwamba walimkuta Mzee kwenye chumba cheusi, juu ya jukwaa jeupe, taa inammulika kutoka juu, kamba nyekundu imemzunguka.

"Wamemlaza wima kama marehemu," Fiurdispina akanong'ona.

Divota akapita chini ya kamba, akaweka kiganja kwenye shavu la jiwe. "Baridi. Saa hizi nyumbani angekuwa na joto la jua."

"Mama!" Mlinzi alikuwa anakuja, mtu mnene wa sare ya buluu. "Mama, rudi nyuma ya kamba, tafadhali!"

Divota hakumtazama. "Mzee," akasema kwa lugha yetu, "mwambie huyo kijana kwamba uso huu nimeusafisha mimi kwa mikono yangu, na kamba anayoijua Mzee ni ya kuanikia nguo."

Mlinzi akasimama ghafla. Akavua kofia. Kisha, kwa lugha hiyohiyo yetu, na kwa ile lafudhi ya watu wa nyuma ya mlima, akasema, "Mzee, mwambie mama kwamba mimi si kijana, nimekaribia kustaafu, na nikifukuzwa kazi leo itabidi yeye anilishe."

"Yesu na Maria," Fiurdispina akasema. "Mzee, muulize jina lake!"

"Mzee, mwambie naitwa Natale."

"Mzee, muulize kwa nini hurudishwi nyumbani!"

"Mzee, waambie sanduku liko tayari tangu Pasaka. Kinachokosekana ni mtu wa kumkasirikia mkubwa wetu. Hapa watu wote wana adabu."

Wageni wengine walikuwa wamekusanyika, wakidhani ni mchezo ulioandaliwa. Wakapiga makofi. Fiurdispina akainama kuwashukuru, na mpaka leo anasema alishangiliwa Marseille. Natale akawapeleka kwenye chumba cha walinzi, wakala jibini, akalia kidogo alipolionja. Kisha akawaonyesha mlango wa mkubwa. Dada zetu wakakaa mbele ya mlango huo, mmoja huku, mmoja huku, wakaongea. Hawakumtukana mtu. Waliongea tu kama wanavyoongea nyumbani, kwa sauti ya kuvuka mto, na waliporudi kesho yake wakaongea tena. Mwezi haukwisha lori likawa linapanda barabara ya Valdibona.

Siku ya kumsimamisha Mzee palikuwa na bendera na divai. Saveriu alivaa begani ule mshipi wake wa umeya. Solange alikuja pia, na kabla ya winchi kuanza akapanda juu ya jiwe dogo kueleza. Wakati Mzee hayupo alikuwa amechimba pale, akakuta shimo la awali, na shimo linaonyesha wazi kwamba hapo zamani za kale uso wake ulielekea upande ule mwingine. Atarudishwa alivyokuwa.

Upande ule mwingine ulikuwa wa Fiurdispina.

Tukageuka wote kumtazama Divota. Saveriu alisogea polepole nyuma ya kasisi.

"Najua," Divota akasema. "Alikuwa ameanguka. Babu alimsimamisha kwa ng'ombe, akamgeuza. Alisema hawezi kuamka kila siku na kuona mgongo wa mtu mlangoni."

"Mama, kwa nini hukuniambia?" Solange akauliza. "Nimechimba wiki sita!"

"Ulikuwa unafurahi."

Winchi ikamshusha. Akaingia shimoni mwake, wakamshindilia udongo, na Divota akamzunguka taratibu, mikono nyuma. Ule mgongo kule Bara walikuwa wameusafisha kwa kazi ya kitaalamu, na sasa jua lilikuwa likiupiga kwa ubavu. Yalionekana mabega mawili ya mviringo, na mfereji wa uti umeshuka mpaka kiunoni. Hakuwa amewahi kuutazama vizuri, ulikuwa upande wa adui.

"Ala," akasema. "Kumbe una mgongo mzuri hivi." Akamgeukia dada yake. "Haya, mwenzangu, zamu yako. Akizidi kukutazama, mvumilie."

Fiurdispina alivumilia siku tisa. Siku ya kumi nilimkuta jikoni kwa Divota na sahani yake mwenyewe. "Siwezi, Pulidoru," akaniambia. "Namenya viazi, ananitazama. Naosha vyombo, ananitazama. Jana nimetia chumvi mara mbili kwa bahati mbaya, akanitazama mpaka nikaona haya. Mwanamume ana macho ya mkwe yule." Hakuhama kabisa, kwa kuwa kitanda chake alikipenda, lakini tangu hapo chakula kilikuwa kwa Divota, mchana na jioni.

Natale alistaafu mwaka uliofuata, akaja Valdibona majira ya joto, kwa kusema anakuja kumsalimia Mzee. Alimsalimia siku ya kwanza. Siku zilizobaki alimbebea Divota kuni, ndoo za maji, hata kikapu cha vibanio, na Divota alimkosoa kwa kila alichobeba. Mwezi wa nane, tulipokuwa tukipukuta lozi, Natale akamposa Divota, waziwazi, mbele yangu na mbele ya Fiurdispina aliyekuwa juu ya ngazi.

Divota akakaa chini kwenye majani. Alicheka mpaka skafu ikamtoka. Kisha akaona kwamba Natale hachezi, ameshika ndoo ya lozi kwa mikono miwili na masikio yamemwiva. Akaacha kucheka, akaipangusa sketi yake.

"Natale," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, "umechelewa miaka arobaini. Sasa nimeshazoea kulala katikati ya kitanda."

"Nikodi chumba basi? Hapa kijijini?"

"Chumba kodi. Nani amekuzuia?"

Fiurdispina akasema kutoka juu ya ngazi kwamba pale juu ya tanuri la marehemu mume wake kuna chumba kizuri, kina joto, kinahitaji kupakwa chokaa tu. Natale akakipaka chokaa wiki ileile. Anakaa humo hadi leo, na amezidi kunenepa.

Sikukuu ya mtakatifu mwaka huo, meya alileta gari lake kuwapeleka wote watatu kanisani, kwa kuwa magoti ya Divota yalikuwa yameanza kumsumbua. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja. Divota akasema ni chake kwa umri. Fiurdispina akasema ni chake kwa sababu gari humtapisha kama meli. Natale akasema kwa unene wake nyuma hapenyi. Misa ilikwisha wakiwa bado wamesimama barabarani na milango ya gari iko wazi, na Saveriu amekaa pembeni ukutani anavuta sigara, mshipi wake wa umeya ameuweka mapajani.